Jinsi ya kukagua altimeta ya setilaiti kwa transponda ya ardhini

Maswali kuhusu altimeta ya setilaiti, yaani rada inayopima kimo cha bahari kutoka angani, ni yale yale kila mara. Setilaiti iko kilomita mia nane juu, mtu aliye chini anaikaguaje? Kwa nini tusitumie bahari yenyewe, si ndiyo inayopimwa? Transponda ni aina ya rada? Na je, inaweza kuwekwa huku kwetu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo hatua zote nimeziweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Kama hujengi transponda na unataka tu kuchakata data za kupita juu ya transponda ya wengine, anzia hatua ya 7, lakini rudi usome ya 3 na ya 4. Namba zinazotoka kwenye hatua hizo mbili ndizo zinazowaponza wengi.

Majibu mafupi kwanza. Bahari inatumika, tena tangu zamani: jukwaa la mafuta la Harvest huko California limekuwa likikagua altimeta tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon iruke mwaka 1992, na kuna vituo vya aina hiyo Corsica, Ufaransa, na mlangobahari wa Bass huko Australia. Tatizo ni kwamba maji yana mambo yake. Yana mawimbi, kupwa na kujaa, upepo, na mteremko wa jiodi (umbo la bahari iliyotulia, linalofuata mvuto wa dunia) kati ya pwani na pale setilaiti inapopita. Transponda inaondoa yote hayo. Ni kifaa kinachopokea pigo la rada, kinalikuza na kulirudisha juu papo hapo. Si rada, kwa sababu hakianzishi pigo lolote. Kwa altimeta, kinaonekana kama nukta moja yenye mwanga mkali katikati ya giza, na nukta hiyo unaijua ilipo kwa milimita.

Mfano nitakaoutumia ni wa Krete, Ugiriki. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Krete, kikisaidiwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA), kina transponda iitwayo CDN1 kwenye milima ya magharibi ya kisiwa, kimo cha karibu mita 1050, na nyingine, GVD1, kwenye kisiwa kidogo cha Gavdos upande wa kusini. ESA ina nyingine Svalbard, kaskazini kabisa ya dunia, iliyotumika sana kwa setilaiti ya CryoSat-2.

Nadharia kidogo, isizidi hapa

Altimeta hupima muda wa pigo kwenda na kurudi. Nanosekunde 1 ya muda huo ni sentimita 15 za umbali. Ukitaka kufikia milimita 1, unazungumzia pikosekunde 7 hivi. Kinachotafutwa ni tofauti moja tu: umbali ambao altimeta inasema, toa umbali ambao jiometria inasema. Tofauti hiyo ndiyo hitilafu ya altimeta, na usawa wa bahari duniani unapanda kwa milimita 3 na kitu kwa mwaka, kwa hiyo hitilafu inayobadilika kidogo kidogo inaweza kujifanya kupanda kwa bahari.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Transponda ya bendi ya Ku, masafa ya GHz 13.575, yenye upana wa kutosha kupitisha pigo lote (chukua walau MHz 350). Ina antena mbili, moja ya kupokea na moja ya kutuma, na katikati amplifaya na vichujio.
- Kipokezi cha GNSS (setilaiti za kutafutia mahali, kama GPS) cha kiwango cha upimaji ardhi, kinachorekodi mfululizo, na antena yake juu ya nguzo ya zege iliyofika kwenye mwamba.
- Barometa iliyohakikiwa, kipimajoto na kipima unyevu.
- Umeme usiokatika. Sola na betri zinatosha, ila weka kinga ya radi na ethi ya kweli, si nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu.
- Uzio. Kwenye milima ya mbuzi, uzio ni wa mbuzi kabla ya kuwa wa wezi.
- Akaunti ya kupakulia data za setilaiti za Sentinel-3 au Sentinel-6 za kiwango cha 1A, pamoja na faili za obiti sahihi. Zote hutolewa bure.
- Kompyuta yenye Python au Matlab. Laptopu ya kawaida inatosha.
- Daftari la masahihisho. Naliita daftari makusudi: liwe ukurasa mmoja wenye safu nne, yaani jina la sahihisho, thamani, alama (jumlisha au toa), na nani amelitumia tayari. Usidharau safu ya nne.

Hatua

1. Chagua setilaiti, kisha eneo. Si kinyume chake.

Transponda lazima iwe karibu chini ya njia ya setilaiti, isizidi kilomita moja au mbili pembeni. Sentinel-6 Michael Freilich, iliyorushwa Novemba 2020, iko kilomita 1336 juu na hurudia njia yake kila baada ya siku 10, pungufu kidogo. Sentinel-3A (2016) na Sentinel-3B (2018) ziko kilomita 814 na hurudia kila siku 27. Krete ilipata bahati ya jiografia: njia mbili za familia ya Jason (setilaiti zilizotangulia Sentinel-6 kwenye obiti hiyo hiyo), namba 18 na namba 109, zinakatana karibu na Gavdos, kwa hiyo katika kila mzunguko unapata nafasi mbili.

Ukiwa ikweta utaona njia zimetengana mno. Za Sentinel-6 zimeachana kwa karibu kilomita 315 hapo. Usianze na shamba la shangazi halafu ukatafuta setilaiti ya kupita juu yake.

Ukishapata njia, tafuta mahali palipotulia kwa jicho la rada. Hapafai penye mabati, ziwa, shamba la mpunga au lami pana ndani ya kilomita chache, hasa vikiwa kwenye umbali unaolingana na ule wa transponda kutoka kwa setilaiti. Maji yaliyotulia ni mabaya kuliko yote, maana yanarudisha mwangwi mkali kama kioo. Milima ni mizuri kwa sababu inatawanya mwangwi, na pia kwa sababu hewa iliyo juu yako ni kidogo, kwa hiyo masahihisho ni madogo.

2. Shughulikia leseni ya masafa mapema.

Unatuma mawimbi kuelekea juu, kwa hiyo unahitaji kibali: Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Peleka barua ikiwa na nguvu ya utumaji, upana wa mwale wa antena, na ratiba ya kuwasha. Transponda haiwashwi saa zote, inawashwa dakika chache tu wakati setilaiti inapita.

Swali utakaloulizwa huku, ambalo watu wa Krete hawaulizwi kwa uzito huo, ni la setilaiti za mawasiliano. Krete iko nyuzi 35 kaskazini, kwa hiyo antena inayotazama utosini haitazami mkanda wa setilaiti zinazokaa juu ya ikweta. Nairobi ni habari nyingine. Angalia madishi ya televisheni yanayopokea kutoka nyuzi 36 mashariki: yamelazwa yakitazama karibu juu kabisa. Transponda yako nayo itatazama huko huko. Kwa hiyo andaa hesabu ya kuonyesha kwamba kichujio chako hakipitishi kitu nje ya bendi yako, na kwamba nguvu inayofika kilomita 36,000 ni ndogo mno. Ukienda bila hesabu hiyo, faili litalala mezani.

3. Pima ucheleweshaji wa ndani wa transponda.

Pigo linapoingia kwenye antena ya kupokea hadi kutoka kwenye ya kutuma, linapita kwenye kebo, vichujio na amplifaya. Hiyo ni safari ya mita kadhaa ikigeuzwa kuwa urefu wa hewani, na altimeta itaihesabu kama umbali.

Kwenye maabara, tumia VNA (kifaa kinachopima mawimbi yanavyopita ndani ya saketi) kupima ucheleweshaji katika upana wote wa masafa, si kwenye GHz 13.575 peke yake. Pima kutoka kitovu cha fezi (nukta ambayo mawimbi yanaonekana kuanzia) cha antena moja hadi cha nyingine, ikiwezekana ndani ya chumba kisicho na mwangwi. Kisha rudia kipimo kwenye nyuzijoto tofauti, kuanzia baridi ya alfajiri hadi joto la saa nane mchana, uchore mstari. Amplifaya na vichujio hubadilika na joto. Kisanduku chenye kidhibiti joto kinapunguza tabu, hakiimalizi.

Hapa kuna kosa linalorudiwa kuliko yote: pigo linapita ndani ya transponda mara moja tu, lakini umbali wa altimeta ni nusu ya safari nzima. Kwa hiyo unachotoa kwenye umbali ni *nusu* ya urefu wa ndani. Urefu wa ndani ukiwa mita 10, unatoa mita 5. Andika kwenye daftari kama namba uliyonayo imeshagawanywa kwa mbili au bado. Mwenzako atakayeichukua baada ya miaka mitatu hatakuwa na namna ya kujua.

Ukiwa bado maabara, pima pia utengano wa antena mbili. Ukuzaji wa amplifaya ukizidi utengano huo, kinachotumwa kinarudi kwenye kupokea, kinakuzwa tena, na kifaa kinaanza kupiga mluzi kama kipaza sauti kilichowekwa mbele ya spika. Acha nafasi ya kutosha kati ya viwango hivyo viwili, na ujaribu tena ukishafika mlimani, maana ukuta au paa lililo karibu linaweza kuharibu utengano uliokuwa mzuri maabara.

4. Pima nafasi ya transponda.

GNSS irekodi kwa wiki kadhaa angalau. Ni bora iwe ya kudumu, maana bara letu linasogea sentimita kadhaa kwa mwaka, na Krete nayo haijatulia. Chakata kwenye fremu ya ITRF (fremu ya kimataifa ya nafasi duniani) ile ile iliyotumika kwenye faili za obiti. ITRF2014 na ITRF2020 zikichanganywa, tofauti ni ndogo, lakini ni ya ukubwa ule ule unaoutafuta.

Kisha peleka kimo kutoka antena ya GNSS hadi sehemu ya rejea ya transponda kwa kusawazisha kwa leveli ya kawaida. Si GNSS tena, na kipimo cha tepu hakitoshi. Fanya mara mbili, mafundi wawili tofauti.

Kimo unachohitaji ni cha elipsoidi (umbo laini la kihesabu la dunia). Kimo cha kutoka usawa wa bahari, kile cha kwenye ramani, hakitumiki hapa. Tofauti yake na cha elipsoidi inaweza kufika makumi ya mita, na hilo angalau utaligundua haraka, kwa sababu hautauona mwangwi kabisa au hitilafu itakuwa ya kuchekesha.

5. Hakikisha altimeta inatazama mahali sahihi.

Wanaoanza hawalijui hili. Altimeta haisikilizi wakati wote. Hufungua dirisha fupi la kupokelea. Kwa Sentinel-3 dirisha lina sampuli 128 za sentimita 46.8 kila moja, jumla kama mita 60. Transponda ikiwa nje ya mita hizo 60, haijarekodiwa, hata ikipiga kelele namna gani.

Kwenye milima, altimeta ikiachiwa ifuate ardhi yenyewe inaweza kung'ang'ania bonde la jirani. Ndiyo maana Sentinel-3 na Sentinel-6 zina jedwali la vimo ndani yake, liitwalo OLTC, linaloziambia wapi pa kufungua dirisha. Wasiliana na waendeshaji wa setilaiti mapema, uwape nafasi na kimo cha transponda pamoja na nusu ya ucheleweshaji wa ndani, kwa kuwa mwangwi wako utaonekana uko chini zaidi ya ulipo kweli. Kwa Sentinel-6 omba pia kupita huko kurekodiwe katika hali ghafi. Ina hali nyingine inayopunguza data ikiwa bado angani, nayo haikufai kwa kazi hii.

6. Siku ya kupita.

Haina mambo mengi. Washa mapema ili joto la vifaa litulie, safisha kifuniko cha antena, rekodi joto la kisanduku, shinikizo la hewa na saa. Mvua ikinyesha endelea kurekodi ila weka alama, maana utando wa maji juu ya kifuniko unachelewesha na kufifisha. Setilaiti ikishapita, zima.

Usitarajie kuona wala kusikia kitu. Tukio zima kwa altimeta ni sekunde mbili tatu.

7. Pakua data na utafute kilele.

Chukua data za 1A, zenye miangwi mmoja mmoja kabla haijachanganywa. Za kiwango cha 2 hazifai, kwani zimeshachakatwa kana kwamba chini kulikuwa na bahari.

Kwa Sentinel-3, mapigo hutoka kwa mikupuo ya mapigo 64, mikupuo karibu 80 kwa sekunde. Kwa kila mkupuo:

a) tumia masahihisho ya ndani ya chombo yaliyomo kwenye faili;
b) ongeza sufuri mwishoni mwa sampuli (mara 16 au zaidi) kabla ya kufanya Fourier (hesabu ya kugeuza mawimbi kuwa masafa), ili kilele kisomeke kwa sehemu ndogo za sampuli;
c) tafuta kilele, kisha kikadirie kwa mkunjo, si kwa sampuli kubwa tu;
d) umbali = umbali wa kifuatiliaji (ule ambao altimeta ilifungulia dirisha) + (nafasi ya kilele − nafasi ya rejea) × 0.4684 m.

Panga mikupuo yote pembeni kwa pembeni na uchore picha. Ukiona mkunjo mwembamba unaong'aa, uliopinda kama bakuli, umeipata transponda. Kwa Sentinel-3, sekunde moja kabla au baada ya kupita juu kabisa, umbali ni mrefu zaidi kwa karibu mita 30. Ndiyo maana mkunjo unaingia upande mmoja wa dirisha na kutoka baada ya muda mfupi. Kwenye picha hiyo, ardhi ya kawaida ni ukungu tu nyuma yake. Iangalie kwa macho kabla ya kuiachia programu iendelee. Programu itachukua kilele cha bwawa la jirani bila aibu yoyote.

8. Kokotoa umbali wa kijiometria.

Kwa kila mkupuo unahitaji nafasi ya setilaiti na nafasi ya transponda, kisha umbali wa mstari ulionyooka kati yao. Vitu vitatu vya kuangalia:

*Wakati gani?* Pigo huchukua milisekunde 2.7 kufika chini kutoka Sentinel-3, na karibu 4.5 kutoka Sentinel-6. Setilaiti inakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo inasogea mita ishirini na zaidi. Soma kwenye hati ya data kama saa iliyoandikwa ni ya kutuma, ya kugonga ardhi au ya kupokea.

*Sehemu gani ya setilaiti?* Obiti hutolewa kwa kitovu cha uzito. Altimeta hupima kutoka antena. Kati yake kuna mita au sehemu ya mita, na setilaiti inavyotumia mafuta kitovu husogea kidogo. Soma kama faili limeshafanya sahihisho hilo. Hapa ndipo wakubwa wenyewe waliwahi kuteleza: hitilafu kubwa iliyoonekana kwenye Jason-1 na Jason-2 ilikuja kuelezwa kwa sehemu kubwa na nafasi ya rejea ya antena iliyokosewa, na namba ya mapigo kwa sekunde iliyokatwa desimali. Altimeta zenyewe zilikuwa salama.

*Ardhi iko wapi saa hiyo?* Ardhi nayo hujaa na kupwa, kama bahari, kwa mvuto wa mwezi na jua. Kimo chako kinaweza kupanda au kushuka makumi ya sentimita ndani ya siku moja. Nafasi uliyopata kwenye GNSS imeondolewa mabadiliko hayo, kwa hiyo yarudishe kwa saa ile ya kupita, kwa kufuata kanuni za IERS (taasisi ya kimataifa ya mzunguko wa dunia). Ongeza uzito wa maji ya bahari unaobonyeza pwani, na kuyumba kwa ncha za dunia.

Usitumie kanuni ya mkato ya "kimo cha setilaiti toa kimo cha transponda". Setilaiti ikipita kilomita 1 pembeni, kutoka kilomita 814 umbali unarefuka zaidi ya nusu mita.

9. Toa hewa.

Masahihisho ya anga ni matatu, na yote yanarefusha umbali uliopimwa, kwa hiyo yote unayatoa.

*Hewa kavu.* Ni shinikizo la hewa (hPa) mara milimita 2.277, ukisahihisha kidogo kwa latitudo na kimo. Usawa wa bahari ni karibu mita 2.31. Kwenye mita 1050, shinikizo likiwa 895, ni mita 2.04. Hiyo tofauti ya sentimita 27 ndiyo utakayoipata kama kosa ukichukua thamani ya usawa wa bahari. Barometa nayo iwe kwenye kimo cha antena au isahihishwe: barometa iliyo chumbani mita 5 chini inasoma zaidi kwa karibu hPa 0.6, ambazo ni zaidi ya milimita 1.

*Unyevu.* Radiometa ya setilaiti haifanyi kazi juu ya nchi kavu. Tumia GNSS yako: toa hewa kavu kwenye ucheleweshaji wote wa utosini, kinachobaki ni unyevu. Milimani Krete, siku ya baridi, ni sentimita chache. Pwani ya Afrika Mashariki wakati wa masika unaweza kuzidi sentimita 30, na unabadilika ndani ya saa moja. Usitumie wastani wa mwezi.

*Ionosfia.* Transponda nyingi ni za Ku peke yake, kwa hiyo ile njia ya kulinganisha bendi mbili, Ku na C, haipo. Tumia GNSS au ramani za ionosfia. Kwa GHz 13.575, TECU 1 (kizio cha wingi wa elektroni kwenye ionosfia) ni milimita 2.2, TECU 50 ni sentimita 11. Ukanda wetu wa ikweta ndio wenye ionosfia nzito kuliko yote, na mchana jua likiwa kwenye kilele cha harakati zake, 50 si ajabu. Kisha kumbuka kwamba ramani za GNSS zinahesabu hadi kilomita 20,200, wakati Sentinel-3 iko 814. Sehemu iliyo juu ya setilaiti haikupitiwa na pigo lako, lazima ipunguzwe.

10. Fanya tofauti, tena na tena.

Hitilafu = umbali uliopimwa − nusu ya urefu wa ndani − hewa kavu − unyevu − ionosfia − umbali wa kijiometria.

Chora tofauti hiyo kwa kila mkupuo dhidi ya muda. Ikiwa imelala bapa, wastani wake ndio jibu la siku hiyo. Ikiwa imeinama, kuna suala la saa au la Doppler (masafa kubadilika kwa mwendo wa setilaiti). Usichukue wastani kabla hujalijua.

Kupita mara moja ni uvumi tu. Kusanya kwa mwaka mmoja au zaidi, na ukitoa taarifa taja mwelekeo: hitilafu chanya ya *umbali* (altimeta inapima mbali mno) ni hitilafu hasi ya *usawa wa bahari*. Nimeshaona majedwali mawili yakibishana kwa sababu hiyo pekee.

Mambo yakikwama

*Sioni mkunjo kabisa.* Kwa mpangilio huu: transponda iliwashwa kwa saa za UTC au za hapa? (Kiswahili kina saa zake pia; saa mbili usiku iandikwe 20:00, na ubadilishe.) Dirisha lilifunguliwa kwenye kimo chako? Setilaiti ilipita upande uliotarajia? Mwisho ndiyo ukague vifaa.

*Mkunjo upo lakini una mapacha.* Mwangwi unagonga ukuta, au utengano wa antena ni mdogo. Pacha wa kwanza mwenye nguvu ndiye wako. Wengine wako mbali zaidi.

*Hitilafu ni sentimita 47, au karibu yake.* Ni sampuli moja. Hati inahesabu kuanzia 1, Python inahesabu kuanzia 0.

*Hitilafu ni mita kadhaa.* Nusu ya ucheleweshaji wa ndani. Umesahau kugawa, au umegawa mara mbili.

*Hitilafu ni mita 2 na ushei.* Hewa kavu haikutolewa, au ilitolewa mara mbili kwa kuwa faili lilishaitoa. Safu ya nne ya daftari.

*Mstari wa tofauti umeinama.* Kama ukisogeza saa kwa milisekunde 2.7 (Sentinel-3) au 4.5 (Sentinel-6) unanyooka, umechanganya saa ya kutuma na ya kugonga ardhi. Kama kinachohitajika ni kidogo zaidi, angalia sahihisho la Doppler: setilaiti inapokaribia, masafa yanapanda, na pigo la masafa yanayoteleza hulisoma badiliko hilo kama umbali. Upande wa kuja kosa ni la alama moja, upande wa kwenda ni la alama nyingine, ndiyo maana linajifanya kosa la saa.

*Kiangazi na masika zinatoa majibu tofauti.* Anza na joto la transponda, kisha unyevu. Linganisha hitilafu na rekodi ya joto la kisanduku. Zikipanda na kushuka pamoja, rudi kwenye mchoro wa hatua ya 3, na mara nyingi utakuta ulipimwa kwenye joto mbili tu.

*Kupita kwa kwenda kaskazini na kwa kwenda kusini hazikubaliani.* Angalia kitovu cha fezi cha antena, kama imesimama wima, na kama kuna kitu kinachong'aa upande mmoja wa eneo. Kama viko sawa, kagua obiti. Tumia faili za mwisho badala ya zile za haraka.

*Hitilafu iliruka ghafla siku moja.* Kabla ya kuilaumu setilaiti, uliza kama toleo la uchakataji limebadilishwa, kama kuna tetemeko, na kama fundi amebadilisha kebo. Kebo mpya, hata ya urefu ule ule kwa macho, inapimwa upya kwa VNA.